Watoto Kumi wa Madina na Mwalimu wa Mkataba

(Mazungumzo ya mwalimu mstaafu mbele ya vijana na wazazi, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhan. Yamenakiliwa kama yalivyosemwa na kufupishwa kidogo.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.



Mwenyekiti wa vijana amenipa dakika thelathini. Mimi nimefundisha miaka 41 kwa kengele, kwa hivyo msiwe na hofu, najua kipindi huisha lini. Najua pia kwamba mmefunga na koo zimekauka. Naona kule nyuma mmoja ameshaanza kusinzia. Mwacheni alale, saumu ina haki yake.

Niliombwa nizungumze juu ya kijana Muislamu na kazi ya ualimu. Ni kichwa kipana sana hicho, na nimekipunguza, kwa sababu kabla ya Ramadhan alinijia binti mmoja nyumbani. Nilimfundisha darasa la pili, leo ana diploma ya ualimu. Amemaliza chuo, amesajiliwa, ana namba ya TSC, na ameshafundisha miaka mitatu akilipwa na bodi ya skuli, kila muhula kwa barua mpya. Muhula wa mwisho barua haikuja. Akaniuliza: "Mwalimu, niendelee kungoja au niache nikauze mabuibui na shangazi?" Sikumjibu siku ile. Nilimpikia chai. Haya ninayosema leo ni jawabu lake, na huenda ni jawabu la wengine humu ndani.

Nitaanza na Badr. Vita vya Badr vilikuwa katika mwezi kama huu, tarehe 17 Ramadhan, mwaka wa pili wa Hijra. Waislamu waliteka watu takriban sabini. Wenye mali wakajikomboa kwa fedha, wapo waliotoa mpaka dirhamu elfu nne. Lakini miongoni mwa mateka walikuwamo wasio na mali ila wanajua kusoma na kuandika. Wapokezi wa sira wanatueleza kwamba Mtume (S.A.W.) aliwawekea fidia nyingine: kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina kuandika, wakishajua basi yuko huru.

Hadithi hii tumeisikia mara nyingi, na kila mara tunaambiwa inaonyesha ubora wa elimu. Ni kweli. Lakini mimi, kama mtu niliyekula mshahara wa chaki, naiangalia kwa jicho jingine. Naangalia mkataba. Kazi ilijulikana: watoto kumi. Kiwango kilijulikana: mpaka wajue kuandika. Na malipo yalijulikana, tena makubwa, uhuru wa mtu. Hakuna aliyeambiwa "fundisha kwanza halafu tutaona". Hakuna aliyefundisha watoto kumi akaongezewa kumi wengine kwa barua ya muhula. Na hawa walikuwa maadui waliotekwa vitani! Sasa jiulizeni, mwalimu wa mtoto wako, Muislamu mwenzako, jirani yako, ana mkataba ulio wazi kama wa mateka wa Badr?

Nieleze kidogo yangu, kwa sababu na mimi niliingia kwa mlango wa haraka.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1981. Siku hizo mtihani ni KCE na matokeo ni kwa divisheni. Nilipata Divisheni ya Tatu, na marehemu babangu akashukuru, maana msichana wa kijijini kwetu kufika huko tu ilikuwa habari. Januari 1982 nikachukuliwa kufundisha skuli ya msingi kama UT, yaani mwalimu asiye na mafunzo. Mafunzo yangu yote yalikuwa siku moja. Mwalimu mkuu, mzee wa P3, alinionyesha namna ya kushika chaki isilie, namna ya kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo, na namna ya kujaza rejista. Kesho yake nikapewa darasa la pili, watoto sitini na kitu.

Niliharibu mengi mwaka ule. Nawaombeni radhi wale watoto, wengine sasa ni babu. Lakini nilijifunza.

Tatizo halikuwa kujifunza. Tatizo lilikuwa Disemba. Barua ya UT ilikuwa ya mwaka mmoja, Januari hadi Disemba, halafu unarudi kwenye benchi la ofisi ya elimu kungoja kama jina lako litarudi. Mwaka wangu wa tatu jina halikurudi. Nafasi ilipewa mtu mwingine, ambaye alikaa wiki tano akaondoka. Mimi niliitwa tena Machi. Nilipoingia darasani, kitoto kimoja cha kike kikaniuliza, "Mwalimu, ulikuwa mgonjwa?" Nikasema ndiyo, nilikuwa mgonjwa. Nilisema uongo mbele ya watoto, Allah anisamehe, lakini ningekieleza nini? Kwamba ulikuwa unajua kujumlisha kwa kubeba mwezi wa kumi na moja, na sasa umesahau, kwa sababu karatasi yangu iliisha?

Baadaye serikali ilitufungulia mafunzo kazini. Miaka mitatu tulisoma wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Disemba, watoto wenzetu wakicheza sisi tuko bwenini. Katikati ya muhula tukifanya kazi za kuandika, na wakufunzi wakija kukaa nyuma ya darasa na daftari lao. Mimi nilijifungua mtoto wangu wa kwanza kati ya Aprili na Agosti, na Agosti nilikwenda naye. Mwisho nikapata cheti na ajira ya kudumu yenye pensheni. Tangu siku hiyo, wallahi, nilikuwa mwalimu mwingine. Akili sikuongezewa. Nilichopata ni kujua kwamba mtoto ninayemwanzisha herufi Januari nitakuwapo akisoma sentensi Novemba, na nikaanza kupanga kazi ya miaka.

Kwa hivyo mtu akiniambia walimu waliopitia njia ya mkato ni walimu wabovu, nitamkatalia, maana mimi ni mmoja wao. Tusichanganye mambo mawili. Kuna kuingia kwa haraka, na kuna kuachwa mlangoni. La kwanza lina dawa. La pili ndilo linaloua skuli zetu.

Hebu tutazame hapa kwetu Kenya mambo yalivyokwenda.

Zamani ukimaliza chuo cha ualimu TSC inakupeleka skuli, hata hungojei. Mwaka 1998 mlango huo ukafungwa. Serikali ilisimamisha ajira ya moja kwa moja, na baadaye ikawa mwalimu anaajiriwa tu pale nafasi inapotangazwa. Halafu Januari 2003 ikaja elimu ya msingi bila malipo. Mnaokumbuka mnakumbuka: wanafunzi wa skuli za msingi waliruka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Watoto walikaa sakafuni, madirishani, chini ya mwembe. Walimu? Wale wale. Pengo lile likazibwa na wazazi na kamati za skuli, kwa kuajiri vijana waliomaliza kidato cha nne, kama mimi miaka ile, na wengine waliokuwa na vyeti vya P1 wasio na kazi.

Mwaka 2010 serikali ikaja na walimu wa mkataba, takriban 18,000. Wa msingi akilipwa kama shilingi 10,000 kwa mwezi, chini kabisa ya mwenzake waliyekaa naye meza moja. Ilibidi chama cha walimu, KNUT, kiitishe mgomo Septemba 2011 ndipo ikakubaliwa waingizwe kwenye ajira ya kudumu.

Mngedhani somo limeeleweka. Lakini mwaka 2019 ukaja mpango wa walimu wanagenzi. Wa msingi shilingi 10,000, wa sekondari 15,000. Na mwaka 2023, ilipoanzishwa sekondari msingi, hii tunayoiita JSS, wakachukuliwa wanagenzi kwa maelfu kwa posho ya shilingi 20,000 kabla ya makato. Hawa si watoto wa kidato cha nne. Wana diploma na digrii, wamesajiliwa. Wengine walifundisha masomo matano au sita kwa sababu skuli nzima ya JSS ilikuwa na mwalimu mmoja. Tarehe 17 Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikasema TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi, kazi yake ni kuajiri walimu waliosajiliwa. Mwezi uliofuata vijana walikuwa barabarani na mabango. Januari 2025 wanagenzi 46,000 waliingizwa kwenye ajira ya kudumu, alhamdulillah. Na mwanzoni mwa mwaka huo huo wakachukuliwa wanagenzi wapya 20,000!

Basi tazameni huo mzunguko. Upungufu, dharura, mkataba, mgomo, ajira, halafu upungufu tena na mkataba tena. Tangu benchi langu la mwaka 1984 mpaka leo ni dharura tu. Dharura gani ya miaka arobaini?

Nitakuwa muadilifu, maana wasomi wako humu na watanisuta. Wako watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005, katika skuli 140. Walichukua walimu wa mkataba walioajiriwa na kamati za skuli kwa robo hivi ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Wakakuta watoto wa walimu wale wa mkataba walifanya vizuri zaidi, na walimu wenyewe walikuwa wakionekana darasani kuliko wenye ajira ya kudumu. Hilo linatuuma sisi tuliokuwa na pensheni, na linafaa lituume. Wako wenzetu walioona namba ya TSC ni godoro la kulalia.

Lakini endeleeni kusoma. Jaribio hilo lilirudiwa kwa upana mwaka 2010, nchi nzima. Pale shirika la misaada lilipoendesha, watoto walifaidika. Pale serikali ilipoendesha, hakukuonekana faida yoyote, na moja ya mambo yaliyokutwa ni mishahara ya walimu kuchelewa. Na wale wa magharibi, wengi walikuwa na cheti na walikuwa wakijitahidi kwa matumaini ya kuajiriwa na TSC. Kijana hukimbia akiona mwisho wa njia. Ukimwambia njia haina mwisho, atakimbia siku ngapi?

Sasa niende kwa jambo lililo karibu na sisi kama Waislamu, nalo ni gumu kulizungumza mtu akiwa na saumu.

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa. Abiria wakatenganishwa kwa dini yao, na watu 28 wakauawa. Wengi walikuwa walimu, wamefunga skuli, wanakwenda makwao likizo ya Krismasi. Januari 2020, kule Kamuthe, Garissa, walimu watatu waliuawa. Baada ya hapo TSC iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji wa Garissa, Wajir na Mandera. Nani alaumu? Mimi mwenyewe ningemwambia mwanangu arudi nyumbani. Lakini huku nyuma skuli zilibaki na mwalimu mkuu na mlinzi. Watoto wale wengi ni watoto wa Kiislamu, wanaokaa mtihani mmoja na watoto wa Nairobi.

Na mkumbukeni pia mwalimu Salah Farah, Allah amrehemu. Tarehe 21 Disemba 2015 basi jingine lilivamiwa karibu na Mandera, na abiria Waislamu wakatakiwa wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Yeye alikuwa mmoja wao, akapigwa risasi, na akafariki mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Alikuwa mwalimu. Tunapozungumza usalama wa kazi ya mwalimu, kuna watu wanaowaza pensheni, na kuna watu wanaowaza kama watafika skuli Jumatatu.

Baada ya pengo lile ndipo hoja ya mafunzo ya haraka ilipopata nguvu: tuchukue vijana wenyeji, tulegeze alama za kuingilia chuo, tuwafunze upesi. Mjadala ukawaka. Wengine wakasema mnashusha ualimu, mtoto wa Wajir naye anastahili mwalimu aliyefaulu. Wengine wakasema mnachagua baina ya mwalimu wa alama ndogo na ukuta mtupu. Pia walisema, mbona nchi ina walimu zaidi ya laki tatu waliosajiliwa ambao TSC haijawaajiri? Ni kweli, lakini ungewauliza ni wangapi wako tayari kwenda kuripoti Kotulo.

Mimi niko upande wa kuwachukua wenyeji na kuwafunza upesi, kwa sharti nitakalolitaja. Na sisemi kwa hisia tu, kuna mfano hapa Mombasa.

Miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani waliona watoto wetu wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Wakaomba msaada wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said, mwalimu wa hapa hapa, akashika kazi. Ndio mwanzo wa skuli za chekechea za madrasa, na baadaye Madrasa Resource Centre, ambayo mwaka 1990 ilifika Zanzibar na mwaka 1993 Uganda. Walimu walitoka wapi? Wanawake wa mtaani. Mabinti waliomaliza skuli wakakaa nyumbani, wengine hata sekondari hawakumaliza. Walipewa mafunzo mafupi, kisha wakaanza kufundisha, lakini hawakuachwa. Wakufunzi waliwafuata madarasani, wakirudi tena na tena kwa muda wa miaka miwili hivi. Vifaa ni vifuu vya nazi, kokwa, vifuniko vya chupa. Kuhesabu, dua, hadithi na nyimbo, vyote mahali pamoja. Nimepokea watoto kutoka chekechea hizo nikiwa darasa la kwanza. Utawajua asubuhi ya kwanza tu, anashika kitabu upande wa sawa na anakuuliza swali.

Kwa hivyo mafunzo mafupi yanafaa, yakifuatwa na mtu wa kukaa nyuma ya darasa lako na daftari. Lile ndilo sharti la kwanza.

Sharti la pili ndilo lililowasumbua hata wao. Mwalimu akishaiva anataka kula. Chekechea ililipwa kwa ada za wazazi, na ada za wazazi mnazijua. Mabinti waliofunzwa vizuri wakawa wanaondoka kwenda kwenye mshahara bora, na jamii inaanza upya. Dawa iliyojaribiwa ilikuwa mfuko: jamii iliweka akiba yake, Aga Khan Foundation ikaongeza juu, na kinachotumiwa ni faida tu, mtaji hauguswi. Mkiniuliza jina la kitu hicho kwa lugha ya mababu zetu, nitawaambia ni wakfu.

Pwani hii tunajua wakfu. Minazi imewekwa wakfu, nyumba, maduka, viwanja. Kuna hata sheria na makamishna wake, ofisi iko Mombasa. Lakini wakfu zetu nyingi ni za jengo. Za mikeka, za mafuta ya taa, siku hizi za feni na mazulia. Ni ibada njema, simpingi mtu. Ila nikiwauliza humu ni nani amewahi kuona duka lililowekwa wakfu kwa mshahara wa mwalimu, mikono itakayoinuka naona ni michache. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliwapa walimu watatu wa watoto wa Madina dirhamu kumi na tano kila mmoja kila mwezi. Kila mwezi, ndugu zangu. Si ikipatikana.

Hapo nimefika kwa ustadh wetu wa madrasa. Nimemweka mwisho, nasi kawaida yetu ni kumweka mwisho.

Tunailaumu TSC, na inastahili. Lakini TSC angalau inaandika barua. Ustadh wa madrasa ya mtaani hana barua. Tuseme madrasa ina watoto sitini na ada ni shilingi 200 kwa mwezi. Wakilipa wote ni 12,000. Hawalipi wote. Wakilipa nusu ni 6,000, na maustadh ni wawili. Mtoto akifukuzwa kwa ajili ya ada tutasema ustadh anapenda pesa. Akimwacha, watoto wake yeye ndio wanaolala na njaa. Siku akiugua, au akikosana na mtu mmoja wa kamati, kesho kuna ustadh mwingine na hakuna aliyeuliza. Huyu ndiye tuliyempa Qur'an ya watoto wetu.

Na Ramadhan? Madrasa nyingi hufungwa mwezi huu, au hupunguza masomo. Wazazi tunasema, hakuna masomo hakuna ada. Mwezi ambao unga umepanda, sukari imepanda, watoto wanataka nguo za Idi, ndio mwezi ambao ustadh hapati kitu. Halafu siku ya mwezi 29 tunamletea pishi za mchele za zakatul fitr, tunajiona tumemkirimu. Ngojeni kidogo. Akiwa fakiri, zakatul fitr ni haki yake kama fakiri. Mshahara ni haki yake kama mfanyakazi. Hizi ni haki mbili, na masheikh waliopo hapa watanisahihisha nikikosea, sijui tulipata wapi ruhusa ya kulipa moja kwa kutumia nyingine. Hadithi ya jasho la mfanyakazi mnaijua wote, sina haja ya kuisoma.

(Hapa watu walizungumza kidogo, na sheikh mmoja alisema mwalimu amesema sawa.)

Ahsante sheikh. Basi nirudi kwa binti yangu, nisije nikamaliza muda bila kumjibu.

Nilimwambia juzi. Kwanza, mabuibui si dhambi. Akauze mabuibui Ramadhan hii, maana kuna msimu. Lakini asiache faili lake TSC likalala. Kila nafasi ikitangazwa aombe, na kila barua ya bodi aliyopewa, hata ya muhula mmoja, aiweke, maana ndiyo ushahidi kwamba alifundisha. Pili, asikubali tena kufundisha bila karatasi inayosema analipwa kiasi gani, siku gani, na ikiisha anaarifiwa lini. Hata skuli yetu ya Kiislamu ya binafsi ikimwita, na hasa hiyo, kwa sababu huko ndiko tunakoambiana "sisi ni ndugu" badala ya kuandikiana. Udugu uliokatazwa kuandikiana mikataba mimi siujui.

Akaniuliza, "Na wakikataa kuandika?" Nikamwambia basi ameshajua watakavyolipa.

Kwa nyinyi ambao hamjaingia kazini: ile P1 ya miaka miwili haipo tena, tangu 2021 ni diploma ya miaka mitatu. Mtu akikuuzia kozi ya miezi michache na kukuahidi namba ya TSC, mfukuze. Kozi fupi ni nzuri kwa kukuanzisha, kwa chekechea, kwa madrasa, kwa kujaribu kama moyo wako unakubali watoto. Ianze, lakini ulizia siku ya kwanza: baada ya hapa ninapanda wapi? Kama hakuna ngazi ya pili, hiyo si kozi. Na walimu wa chekechea mjue mwajiri wenu sasa ni serikali ya kaunti, si TSC. Kelele za mishahara na mikataba yenu pigeni kwenye bunge la kaunti, na mwende na karatasi, msiende na vigelegele.

Dakika zangu zimebaki tatu, naona mwenyekiti anaangalia saa.

Nina ombi moja kwa jumuiya yetu, na nimeshazungumza na mwenyekiti kabla sijapanda hapa. Kumi la mwisho huwa tunachangisha futari. Mwaka huu, pamoja na futari, tuweke daftari la pili. Kila mzazi mwenye mtoto madrasa alipe ada ya Ramadhan kama miezi mingine, kabla ya tarehe ishirini na saba, na asiyeweza aandike ili mwenye uwezo amlipie bila kutajwa jina. Ziwe ni mshahara, ziandikwe mshahara, maustadh watie saini kama wafanyakazi wengine. Na baada ya Idi tukae na masheikh na wenye maduka tuangalie lile jambo la wakfu. Hata likianza na kibanda kimoja kinachokodishwa, kitamlipa mwalimu mmoja.

Mimi nimeshatia jina langu. Wajukuu wawili, madrasa ya nyuma ya soko. Daftari liko pale mlangoni na kalamu imefungwa kwa uzi, msiondoke nayo.

Allah atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, awarehemu walimu wetu waliotangulia, na aturuzuku sote kuuona usiku wa Laylatul Qadr. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.